Castlevania: Mchezo wa kumwinda mnyonya damu, na kivuli cha mumiani kwetu

Na Mwandishi Wetu, Tunduru

CASTLEVANIA ni mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani na kutolewa kwa mara ya kwanza Septemba 26, 1986. Ndani yake mtu mmoja, Simon Belmont, anaingia na mjeledi mkononi katika ngome ya Dracula, mnyonya damu wa hadithi za Ulaya. Anapita chumba baada ya chumba hadi amfikie mwenye nyumba na kummaliza.

Hivyo ndivyo dunia inavyoufahamu. Lakini ukiusimulia mchezo huo wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, neno "mnyonya damu" haliwapeleki wasikilizaji Ulaya. Linawarudisha kwa mumiani, yule ambaye wazee wanamtaja kwa sauti ya chini na watoto wanatishwa naye ili wasikawie njiani jua likishazama.

Makala haya yanaeleza mchezo huo ulivyo, nani aliuunda, na ulivyotufikia. Yanaeleza pia kwa nini uwindaji ambao kwa wenzetu umebaki kwenye kioo cha televisheni, katika ukanda wetu umekuwa ukigharimu maisha ya watu wasio na hatia.

Ulivyo mchezo wenyewe

Castlevania ni wa jamii ya michezo ya kuruka na kupanda. Mchezaji humwona shujaa wake kwa ubavu, na picha husogea kuelekea pembeni kadiri anavyotembea. Anapanda ngazi, anaruka mashimo, anakwepa maadui na kuwapiga.

Silaha kuu ya Simon ni mjeledi ambao ukoo wa Belmont umerithishana kizazi hata kizazi. Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 1691, wakati Dracula amefufuka na mtu wa ukoo huo ndiye anayetakiwa kumrudisha kaburini.

Ukutani kumepangwa mishumaa. Mchezaji akiipiga kwa mjeledi, vitu hudondoka: nyongeza ya urefu wa mjeledi, mifuko ya fedha, au moyo mdogo mwekundu. Katika michezo mingi moyo ni uhai, lakini hapa sivyo. Moyo ni akiba ya kutumia silaha za ziada, ambazo ni jambia, shoka, maji ya baraka, msalaba unaorushwa na kurudi, na saa inayosimamisha maadui kwa muda.

Uhai unaongezwa na chakula. Nyama iliyopikwa imefichwa ndani ya kuta, na mchezaji hana budi kujua ni tofali gani la kuvunja. Kwa nini nyama ya kula ifichwe katika ukuta wa ngome iliyojaa wafu, hakuna aliyepata kueleza, na wachezaji wamelifanyia utani jambo hilo kwa miongo kadhaa.

Kilichoupa mchezo huu sifa ya ugumu ni miguu ya Simon. Akisharuka, hawezi kugeuza njia hewani. Pale alipokusudia ndipo atakapotua. Na akiguswa na adui, hurushwa nyuma hatua kadhaa. Kwa hiyo popo mmoja asiye na nguvu, akimgusa Simon ukingoni mwa shimo, anaweza kumwua mtu ambaye bado ana uhai tele.

Matokeo yake ni kwamba mwenye papara hafiki mbali. Castlevania humlazimisha mchezaji asimame, atazame adui anavyokwenda, ahesabu, ndipo apige. Anayekufa hujua kosa lake lilikuwa wapi, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kurudi tena na tena.

Ngome na wakazi wake

Mchezo una hatua 18, zilizogawanywa katika sehemu 6 zenye hatua 3 kila moja. Mwisho wa kila sehemu yupo adui mkuu.

Wa kwanza ni popo mkubwa. Wa pili ni Medusa, mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nyoka badala ya nywele. Wa tatu ni maiti wawili waliozungushiwa sanda, wale wanaoitwa mumia, ambao tutawarudia baadaye. Wa nne ni jitu la Frankenstein akiwa na msaidizi wake anayerukaruka kama kiroboto.

Wa tano ni Mauti mwenyewe, fuvu lenye joho na mundu mrefu. Wachezaji wengi wanaona ndiye kizingiti kikubwa kuliko vyote, kwani kabla ya kumfikia kuna ukumbi mrefu wenye mashujaa wa chuma wanaorusha mashoka, huku vichwa vya Medusa vikielea kwa mawimbi angani.

Wa sita ni Dracula, juu kabisa ya ngome, baada ya mnara wa saa. Mchezaji humpiga kichwani tu, kwingineko hapati madhara. Akidhani amemaliza, Dracula hugeuka kuwa dubwana, na vita huanza upya. Akishindwa safari hiyo, ngome yote huporomoka.

Ukitazama orodha hiyo utaona kuwa waundaji hawakujifunga kwenye hadithi moja. Walikusanya vitisho vyote vya sinema za zamani za Marekani na Uingereza, wakavipangisha chini ya paa moja.

Waliouunda

Mchezo ulitolewa kwa ajili ya mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyokuwa imeingia sokoni Japani Julai 1983. Nje ya Japani mashine hiyo iliitwa NES, na kwa jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 60 duniani.

Kwa Kijapani mchezo uliitwa Akumajō Dracula, yaani Dracula wa ngome ya shetani. Ulipouzwa Marekani mwaka 1987 ulipewa jina jipya, Castlevania, lililounganisha neno la Kiingereza lenye maana ya ngome na jina la Transylvania, jimbo la Romania ambako mwandishi Bram Stoker alimweka Dracula katika riwaya yake ya mwaka 1897. Ulaya uliupata mwaka 1988.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Hitoshi Akamatsu. Muziki ulitungwa na Kinuyo Yamashita, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi Konami, pamoja na Satoe Terashima. Mashine ya wakati huo ilikuwa na njia 5 tu za sauti, lakini wimbo wa hatua ya kwanza, unaoitwa Vampire Killer, umepigwa upya mara nyingi katika matoleo yaliyofuata.

Majina ya watu hao hayakuonekana mchezo ulipokwisha. Badala yake yaliandikwa majina ya mzaha yaliyopotoshwa kutoka kwa watu wa sinema za kutisha. Yamashita aliandikwa James Banana, kwa kumkumbuka James Bernard, mtunzi wa muziki wa sinema ya Dracula ya mwaka 1958. Stoker mwenyewe aligeuzwa kuwa Vram Stoker.

Hivyo mwanamuziki aliyetunga baadhi ya nyimbo zinazojulikana zaidi katika historia ya gemu hakutambuliwa na wachezaji kwa jina lake. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida katika kampuni za Japani za miaka hiyo.

Ukoo uliozaliwa

Toleo la pili, Simon's Quest, lilitoka mwaka 1987. La tatu lilitoka mwaka 1989 na kumleta Alucard, mwana wa Dracula anayempinga baba yake. Jina lake ni la baba lililosomwa kinyumenyume.

Mwaka 1991 Simon alirudi katika Super Castlevania IV kwenye mashine mpya ya Nintendo. Toleo lililouzwa Marekani lilifanyiwa marekebisho: sanamu zilizokuwa uchi zilivikwa nguo, na rangi ya damu ikabadilishwa katika baadhi ya sehemu. Nintendo ya Marekani haikutaka damu nyingi wala alama za dini.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1997 kwa Symphony of the Night, kwenye PlayStation. Humo mchezaji ni Alucard, na ngome haina tena hatua zinazofuatana. Ni nyumba moja kubwa ambayo mtu huizunguka, hurudi nyuma, na kufungua milango kadiri anavyopata uwezo mpya. Mtindo huo ulichanganywa na ule wa mchezo mwingine, Metroid, na jamii nzima ya michezo ikaitwa Metroidvania hadi leo.

Kati ya mwaka 2017 na 2021 kampuni ya Netflix ilionyesha filamu ya katuni ya mfululizo kutokana na michezo hiyo, na mwaka 2023 ikaanza mfululizo mwingine. Konami nayo mwaka 2019 iliweka michezo ya awali katika mkusanyiko mmoja kwa mashine za kisasa, hivyo anayetaka kuuonja mchezo wa mwaka 1986 anaweza kuununua kihalali.

Ulivyotufikia

Mashine halisi za Nintendo zilikuwa adimu Afrika Mashariki. Kilichoenea mijini katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni mashine za kuigiza kutoka China, zenye kaseti za plastiki zilizodai kubeba mamia ya michezo ilhali ilikuwa michache inayojirudia. Watu waliziita TV gemu.

Baadaye zilikuja PlayStation, na vibanda vya gemu vikafunguliwa katika miji mikubwa na midogo. Humo mpira wa miguu ndio uliotawala, kwa sababu wanaoshindana ni wawili na anayeshindwa hupisha. Mchezo wa mtu mmoja kama Castlevania haukufaa biashara ya kibanda, kwa kuwa mwenye kibanda hutaka pedi zibadilishane mikono.

Kwa hiyo wengi wa kizazi hiki wameujua kwa njia nyingine, yaani kwa simu za mkononi zenye programu zinazoigiza mashine za zamani, na kwa katuni za Netflix. Hata mtu aliyeko Tunduru, zaidi ya kilomita 250 kutoka Songea mjini, akiwa na simu na vocha ya intaneti anaweza kumwona Simon akipanda ngazi za ngome.

Mumia na mumiani

Hapo ndipo ngome ya Dracula inapogusana na pwani yetu, tena kwa neno moja. Wale maiti wawili wa sehemu ya tatu, mumia, na mumiani wetu ni watoto wa tumbo moja.

Asili ya maneno yote mawili ni Kiajemi. Mumiya ilikuwa lami au utomvu mweusi uliochimbwa katika milima ya Uajemi na kuuzwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na vidonda. Kwa kuwa maiti waliohifadhiwa wa Misri walionekana weusi kama waliopakwa lami hiyo, jina la dawa likahamia kwa maiti.

Kosa hilo lilizaa biashara ya ajabu. Kwa karne nyingi, hadi karne ya 18, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hao, na wagonjwa waliunywa. Wazungu, ambao baadaye waliwaandika Waafrika kuwa wala watu, walikuwa wenyewe wakimeza miili ya wafu kwa maagizo ya matabibu wao.

Pwani ya Afrika Mashariki dawa hiyo ililetwa na wafanyabiashara. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson inaeleza mumiani kuwa kitu cheusi mfano wa gundi, kilichotumika kwa kupaka na hata kunywewa kikiyeyushwa katika samli. Kamusi hiyo hiyo inaongeza kuwa wenyeji wengi waliamini ni damu iliyoganda ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukienea mjini kuwa wanaoitafuta wamefika, watu hawakutoka nje usiku.

Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa kweli, na uvumi ulikuwa juu ya namna inavyopatikana. Taratibu jina likatoka kwenye dawa, likamwangukia mtu anayedhaniwa kuitafuta.

Magari mekundu

Wakati wa ukoloni hadithi hiyo ilipata sura mpya. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, aliikusanya katika kitabu chake Speaking with Vampires, kilichochapishwa mwaka 2000, kwa kuwahoji wazee wa Kenya na Uganda na kusoma nyaraka za nchi za jirani.

Nairobi waliosingiziwa walikuwa wazimamoto, wenye magari mekundu na sare. Kampala waliitwa bazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, banyama. Tanganyika walikuwa mumiani au chinjachinja. Kila mahali simulizi ilifanana: watu wenye gari na vifaa, wanaofanya kazi kwa mabwana, huwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu.

White hakuandika ili kuthibitisha kwamba damu ilinyonywa, wala kuwacheka waliosadiki. Hoja yake ni kwamba uvumi huo unaonyesha jinsi watu walivyouona utawala wa kigeni, uliokuja na sindano, ukapima damu za vijiji vizima katika kampeni za magonjwa kama malale, ukachukua nguvu kazi na kodi, na haukuwaeleza watu sababu.

Uhuru haukuufuta. Mwanaanthropolojia William Arens, aliyefika Mto wa Mbu mwaka 1968, aliandika kuwa wakazi walimwita mchinjachinja siku zake za mwanzo. Walisema damu inapelekwa hospitali kugeuzwa vidonge vyekundu, ambavyo bila hivyo Wazungu wasingeweza kuishi Afrika.

Uvumi unapoua

Laiti mambo yangeishia kwenye simulizi. Oktoba 1, 2016, katika Kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu waliotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na kundi la wananchi. Wawili walikuwa watafiti na mmoja dereva wao. Walikuwa katika shughuli za utafiti wa udongo.

Wananchi waliwadhania kuwa ni wanyonya damu. Waliuawa na kuchomwa moto pamoja na gari lao.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Malawi. Septemba na Oktoba 2017, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, watu kadhaa waliuawa na makundi yaliyowatuhumu kunyonya damu. Umoja wa Mataifa uliondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo, na kukawa na marufuku ya kutembea usiku. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa uvumi ulionekana kuanzia ng'ambo ya mpaka, Msumbiji.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Malawi. Mwishoni mwa mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003 ulizuka uvumi kuwa Serikali inakusanya damu ya wananchi kwa ajili ya mashirika ya misaada, na Rais Bakili Muluzi alilazimika kuukanusha hadharani.

Tunduru imepakana na Msumbiji kwa Mto Ruvuma. Uvumi hauna haja ya pasipoti wala kivuko, na siku hizi husafiri kwa ujumbe wa simu kabla gari la polisi halijawashwa.

Ulaya nayo iliwinda

Yapo mawazo kuwa mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Historia inakataa.

Mwaka 1725, katika Kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, watu tisa walikufa katika muda wa siku chache. Wanakijiji walimtuhumu marehemu Petar Blagojević kuwa ndiye aliyewarudia. Walimfukua mbele ya ofisa wa dola la Austria, wakamchoma mti kifuani na kuiteketeza maiti. Taarifa ya ofisa huyo ilichapishwa gazetini Vienna, na magazeti ya Ulaya ndiyo yaliyolisambaza neno vampiri katika lugha nyingine.

Fukuafukua hiyo ilikoma katika dola hilo kwa amri. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alimtaka daktari wake, Gerard van Swieten, achunguze kisa cha Moravia. Daktari alieleza kwamba maiti kuvimba na kutoka damu mdomoni ni mambo ya kawaida ya kuoza, na malkia akapiga marufuku kufukua makaburi, kuchoma miti na kuteketeza maiti kwa sababu hiyo.

Hata Marekani, mwaka 1892, katika mji wa Exeter jimboni Rhode Island, msichana Mercy Brown aliyekufa kwa kifua kikuu alifukuliwa na moyo wake ukachomwa, kwa imani kwamba anawamaliza ndugu zake. Miaka mitano baadaye Stoker alitoa riwaya yake, na mnyonya damu akaingia maktaba, kisha sinema, na mwishowe kaseti ya Nintendo.

Simba huacha nyayo

Wakazi wa kusini si wageni wa uwindaji wa kweli. Tunduru ni miongoni mwa wilaya zilizowahi kuteswa na simba wala watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Craig Packer na wenzake ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani.

Hofu hiyo ina msingi. Na hata hapo uvumi ulijipenyeza, kwani wapo waliodai kuwa simba hao ni wa kutumwa, na badala ya kumfuata mnyama wakamtafuta jirani.

Lakini simba huacha nyayo. Askari wa wanyamapori huzipima, huzifuata, hukuta mzoga, na mwisho humwonyesha mnyama mwenyewe. Mumiani hajawahi kuonyeshwa. Kinachoonyeshwa baada ya uwindaji wake ni mwili wa mwalimu, mtafiti, dereva, mchuuzi, au mgonjwa wa akili aliyepotea njia.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mchezo na maisha. Katika Castlevania mchezaji haulizi nani ni mnyonya damu. Jina lake limeandikwa, ngome yake inaonekana mlimani, na mwindaji ndiye anayemfuata kwake. Katika uvumi wa mumiani mambo ni kinyume: anayewindwa ndiye mgeni, hana ngome, yuko peke yake mahali asipojulikana, na walio wengi ni wawindaji.

Utaratibu wa nchi yetu unajulikana. Mgeni anayekwenda kijijini kwa kazi hupitia ofisi ya wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, akiwa na barua. Mwananchi naye akimtilia shaka mtu anao wajibu wa kumfikisha kwa viongozi hao au polisi. Barua iliyobaki kwenye kabati la ofisi haimsaidii mtafiti aliyeko porini. Taarifa lazima zifike kwa mtu wa mwisho, mwenye shamba ambalo udongo wake unachimbwa, na aelezwe ni wa nini na utapelekwa wapi.

Van Swieten alifanya hivyo kwa Moravia mwaka 1755, alipoeleza kwa lugha ya kueleweka kile ambacho watu walikuwa wamekiona kwa macho yao wakakosea maana yake. Imani haikufa siku hiyo, lakini watawala walikuwa na jibu la kutoa, na makaburi yakaachwa.

Huko ndiko safari ya Dracula kuelekea kwenye mchezo wa televisheni ilikoanzia. Ya mumiani bado haijafika, na waliozikwa baada ya Oktoba 1, 2016 ni ushahidi wa umbali uliobaki.